Mapumziko Yawe Sehemu ya Mkataba: Funzo la Mbio za Jangwani kwa Bodaboda wa Buhare

Mbio za pikipiki za masafa marefu nje ya lami hupima mwili wa binadamu kabla ya kupima mtambo. Mashindano yanayojulikana zaidi ya aina hiyo, yale ya Dakar, yalianza tarehe 26 Desemba 1978, pale magari na pikipiki zilipoondoka Paris kuelekea mji mkuu wa Senegal kupitia jangwa la Sahara. Tangu mwaka 2020 hufanyika Saudi Arabia. Kwa takriban wiki mbili mshindani hukata maelfu ya kilomita za mchanga, mawe na makorongo, akiamka usiku na kulala saa chache. Hakuna anayeyamaliza kwa ushujaa mtupu. Kabla ya siku ya kuondoka sharti awe ameuzoesha mwili wake kazi hiyo, na awe amepanga chakula, maji, mavazi na usingizi wake.

Mkoa wa Mara hauna mashindano kama hayo. Unao, hata hivyo, vijana wanaoendesha pikipiki katika njia zinazoshabihiana na hizo mwaka mzima, bila washangiliaji na bila maandalizi. Dereva wa bodaboda wa kata ya Buhare, katika Manispaa ya Musoma, anaweza kufika kijiweni kabla ya jua kuchomoza na kuondoka usiku. Akiiacha lami, iwe ni upande wa Butiama, wa Bunda au wa vijiji vya Majita, hukutana na mawe yaliyochomoza njiani, changarawe, makorongo yaliyochimbwa na mvua za masika na, mabondeni, udongo unaoganda kwenye magurudumu. Nyuma yake ameketi abiria, au limefungwa gunia la mkaa, au tenga la dagaa. Mshindani wa jangwani huivumilia hali hiyo kwa wiki mbili. Dereva huyu huivumilia kwa miaka.

Jamii imezoea kusema kwamba ajali za bodaboda hutokana na uzembe na tamaa ya mwendo. Uzembe upo, na hakuna sababu ya kuuficha. Lakini anayelitazama jambo hili kwa jicho la tiba huona pia mwili uliopelekwa kwenye kazi ya wanariadha wa masafa marefu bila kupewa kile ambacho wanariadha hao hupewa. Na katika yote anayonyimwa dereva wa bodaboda, lililo kubwa ni haki ya kupumzika, ambayo humponyoka mara tu anapokubali mkataba wa pikipiki.

Inafaa kwanza kueleza yanayoupata mwili. Kwenye njia ya mawe, kila mshtuko wa gurudumu hupita mikononi na kwenye kiti, ukapanda hadi uti wa mgongo. Mshindani wa mbio za nje ya lami hujifunza kusimama juu ya vikanyagio, magoti yakiwa yamekunjwa kidogo, ili misuli ya mapaja iupokee mshtuko huo badala ya pingili za mgongo. Dereva aliyebeba abiria au mzigo hana nafasi ya kufanya hivyo. Hukaa, na mgongo wake hubeba yote. Baada ya muda huja maumivu ya kiuno na ganzi ya vidole, na wengi hukimbilia vidonge vya kutuliza maumivu vya dukani, diklofenaki ikiwa miongoni mwavyo.

Hapo ndipo maji yanapohusika. Mtu mwenye uzito wa kilo 70 akipoteza kwa jasho asilimia 2 ya uzito wake, yaani karibu lita moja na nusu ya maji, nguvu zake huanza kupungua, na umakini wake nao unaweza kupungua. Mshindani hubeba maji mgongoni katika mfuko wenye mrija, akanywa huku akiendesha. Dereva wa bodaboda anaweza kushinda juani kwa kikombe cha chai ya asubuhi. Mwili unapokosa maji, figo hutegemea kemikali maalumu zinazoilegeza mishipa yao ya damu ili damu iendelee kupita. Diklofenaki na dawa za jamii yake huzuia kemikali hizo. Kwa hiyo kidonge kinachomezwa mchana wa jua kali na mtu mwenye kiu, siku baada ya siku, kinaweza kuziumiza figo pasipo dalili ya mapema. Chupa ya maji safi iliyofungwa kwenye pikipiki, na uji wa ulezi, viazi vitamu au ugali na dagaa kwa wakati, ni kinga ambayo haihitaji mfadhili.

Jambo la pili ni kichwa. Mwezi Mei 1935, T. E. Lawrence, mwanajeshi na mwandishi mashuhuri wa Uingereza, alianguka na pikipiki bila kofia ngumu, akafariki siku sita baadaye. Miongoni mwa madaktari waliomhudumia alikuwa Hugh Cairns, mpasuaji wa ubongo, ambaye baadaye aliyachunguza majeraha ya kichwa ya askari wapanda pikipiki na kuchapisha matokeo yake mwaka 1941. Jeshi la Uingereza likawaamuru wapeleka barua wake kuvaa kofia ngumu. Raia wa nchi hiyo walisubiri hadi mwaka 1973 ndipo sheria ikawalazimisha, mwaka uleule ambao Tanzania ilitunga Sheria yake ya Usalama Barabarani. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa mwaka 2008 ulionyesha kuwa kofia ngumu hupunguza hatari ya kufa ajalini kwa asilimia 42 hivi, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69.

Kofia hiyo hufanya kazi kwa sababu povu gumu lililo ndani yake hupondeka badala ya ubongo. Likishapondeka mara moja halirudi katika hali yake, hata kama ganda la nje linang'aa. Kofia iliyokwisha kupata kishindo kikubwa imemaliza kazi yake. Kofia isiyofungwa kamba kidevuni huruka kabla ya kichwa kufika chini. Na kofia moja kwa watu wawili humwacha mmoja wazi, naye aghalabu ni abiria: mama aendaye kliniki, au mwanafunzi wa Chuo cha Maendeleo ya Jamii Buhare anayewahi kipindi.

Maji na kofia vinaweza kununuliwa kwa siku moja. Usingizi hauna duka. Mwaka 1997 watafiti wa Australia walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba mtu aliyekaa macho kwa saa 17 mfululizo hufanya kazi za umakini kama mtu mwenye asilimia 0.05 ya kilevi katika damu, kiwango ambacho katika nchi nyingi humzuia mtu kushika usukani. Dereva aliyeamka saa kumi alfajiri hufika katika hali hiyo saa tatu usiku, hata kama hajaonja tone la pombe. Ubongo uliochoka huiba usingizi wa sekunde chache huku macho yakiwa wazi. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, sekunde tatu za usingizi huo ni mita 50 za njia bila dereva. Vinywaji vya kuongeza nguvu huahirisha deni la usingizi. Havililipi.

Waandaaji wa mbio za Dakar walilielewa jambo hili, nao hawakumwachia mshindani aamue mwenyewe. Katika vituo vya mafuta mpanda pikipiki hulazimika kusimama kwa dakika zilizowekwa, na saa ya mashindano haihesabu. Katikati ya mbio ipo siku nzima ya mapumziko. Mpanda pikipiki wa Ureno, Paulo Gonçalves, alipofariki mbioni tarehe 12 Januari 2020, hatua ya siku iliyofuata ilifutwa kwa wenye pikipiki ili wenzake waomboleze. Sababu ya kulifanya pumziko kuwa kanuni badala ya ushauri ni ya kitabibu: mtu aliyechoka ni mwamuzi mbaya wa uchovu wake mwenyewe, kama mlevi alivyo mwamuzi mbaya wa ulevi wake. Na pale ambapo kusimama humgharimu nafasi, atajiambia kwamba bado ana nguvu.

Sasa uangaliwe mkataba wa bodaboda. Kijana asiye na mtaji hupewa pikipiki na mwenye chombo, au tajiri kama madereva wanavyomwita, kwa sharti la kupeleka hesabu kila siku hadi muda fulani utimie na pikipiki iwe yake. Utaratibu huo umewapa vijana wengi mali ambayo wasingeipata kwa njia nyingine, na haustahili kubezwa. Kasoro yake ni kwamba, pale hesabu inapodaiwa kila siku bila kuacha, siku ya mvua kubwa, ya homa au ya msiba huwa deni. Dereva hulifidia deni hilo kwa kuongeza saa za usiku na kupakia mshikaki, abiria wawili au watatu kwa mara moja. Katika mbio za jangwani kanuni humlinda anayesimama. Hapa kanuni humwadhibu.

Tajiri atajibu, na kwa haki, kwamba naye amekopa, na mkopo haupumziki. Jibu hilo linaweza kupimwa kwa hesabu rahisi. Ichukuliwe kwa mfano hesabu ya shilingi 10,000 kwa siku, kila siku, kwa mwaka mmoja: jumla ni shilingi 3,650,000. Dereva akipewa siku moja ya mapumziko kila wiki bila kudaiwa, jumla hiyohiyo itakamilika katika wiki zipatazo 61, yaani takriban miezi 14. Tajiri hapotezi shilingi. Husubiri miezi miwili zaidi. Kwa upande wa pili wa mizani yupo dereva mwenye paja lililovunjika, asiyeleta hesabu yoyote kwa miezi kadhaa, na pikipiki iliyopondeka. Miezi miwili ya kusubiri ni bima ya bei nafuu.

Wapo pia madereva watakaosema kuwa siku ya mapumziko ni siku ya njaa. Hofu hiyo ni ya kweli kwa anayekula anachokipata leo. Lakini leo hii dereva hubeba mzigo mara mbili, hesabu ya tajiri na chakula cha nyumbani. Siku ambayo hesabu haidaiwi, saa chache za asubuhi zinaweza kutosha kwa mboga na unga, na saa zilizobaki zikawa za kulala. Kinachohitajika ni mkataba unaomruhusu kufanya hivyo bila kuonekana mvivu.

Gharama ya kutofanya hivyo haimwangukii dereva peke yake. Bima ndogo ya chombo, ile ya lazima kisheria, huwahusu watu wengine wanaodhuriwa. Haimtibu dereva mwenyewe. Akivunjika vibaya, safari yake huanzia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mwalimu Nyerere iliyopo Kwangwa, na ikihitajika huendelea hadi Bugando, Mwanza, zaidi ya kilomita 200. Familia huuza ng'ombe au shamba. Mwenye umri wa kujenga nyumba hurudi kulishwa na wazazi.

Mshindani wa jangwani akianguka hufuatwa kwa helikopta yenye daktari. Dereva akianguka kati ya Makutano na Butiama, daktari wake wa kwanza ni dereva mwenzake. Kwa hiyo kila kijiwe kingefaa kuwa na watu waliofundishwa mambo machache: kukandamiza kwa kitambaa safi jeraha linalovuja damu bila kuachia, kutomvuta wala kumkalisha aliyeumia shingo au mgongo, kutombeba majeruhi wa namna hiyo akiwa amebanwa kati ya watu wawili juu ya pikipiki, bali kutafuta gari na ubao, na kumwahisha hospitalini mwenye mfupa uliotoboa ngozi, kwa kuwa udongo ulioingia humo huleta maambukizi na pepopunda. Mafunzo hayo hayazidi siku moja, na wahudumu wa afya wa manispaa wana uwezo wa kuyatoa.

Mambo mengine yanahitaji maafikiano zaidi kuliko fedha. Vyama vya bodaboda vya Musoma, Bunda na Butiama vinaweza kuandaa mkataba wa mfano wenye masharti matatu: siku moja kwa wiki isiyo na hesabu, ukomo wa saa za kazi kwa siku, na kofia ngumu mbili zinazokabidhiwa pamoja na ufunguo wa pikipiki. Halmashauri zinazotoa mikopo kwa vikundi vya vijana zinaweza kuyafanya masharti hayo kuwa sehemu ya mikopo ya pikipiki. Wamiliki wenye busara hawahitaji kusubiri: wanaweza kuanza na mkataba utakaosainiwa wiki ijayo.

Wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba, na wauguzi wa wodi za mifupa wanajua ukweli wa maneno hayo kuliko yeyote. Mbio za Dakar huwapa wapanda pikipiki wake siku ya mapumziko katikati ya wiki mbili. Dereva wa Buhare anaomba siku moja katika kila saba.