Kambi Mbili Ukingoni mwa Yukon

Mwishoni mwa Julai 2024 nilialikwa na rafiki yangu, mzaliwa wa Uvira, mji wa Kongo ulio pwani ya Ziwa Tanganyika, ambaye sasa maskani yake ni Edmonton katika jimbo la Alberta, tufunge safari ya kwenda kaskazini kwa gari lenye kukokota tela la kulala, tuvue na kupiga kambi muda wa majuma matatu; nami, niliyekulia Mombasa ambako kuvua ni kazi na kulala nje ni dhiki, niliitikia kwa udadisi zaidi kuliko raghba. Tela lilikuwa chumba kamili, lina vitanda viwili, jiko la gesi, tangi la maji na betri ya taa, na mwenyewe alilitazama kwa fahari kama nahodha atazamavyo jahazi lililokwisha kupakwa sifa. Siku ya pili gurudumu lake la kulia lilipata pancha mahali ambapo hapakuwa na nyumba wala mtu, tukatoa jasho saa mbili, huku mbu wa nchi ile, ambao sikuwahi kuona mfano wao hata Tana, wakitufanya karamu.

Njia tuliyoishika, yaani Barabara ya Alaska, huanzia mji mdogo wa Dawson Creek katika British Columbia, nayo ilifyekwa mwaka 1942 na askari wa Marekani zaidi ya 10,000, ambao yapata thuluthi moja yao walikuwa watu weusi waliotengwa katika vikosi vya peke yao kwa ubaguzi wa zama zile, na ambao mara nyingi waliachiwa makoleo na mashoka wakati mitambo ilipokwenda kwa wenzao. Kikosi kimoja katika hivyo kilijenga daraja la mbao juu ya mto Sikanni Chief kwa muda usiotimia siku nne. Msafiri wa leo hupita hapo kwa mwendo wa kilomita mia kwa saa, kikombe cha kahawa mkononi, na asipoambiwa hana njia ya kujua kwamba starehe yake imejengwa juu ya taabu ya mtu mwingine. Nilidhani habari hiyo imekwisha nyuma yetu; kumbe ilikuwa yatungoja mbele kwa sura nyingine.

Hata hivyo sitaficha kwamba nilifurahi. Katika ziwa Muncho, ambalo maji yake ni ya kijani mfano wa kioo cha chupa, tulivua kwa mshipi pale kijito kinapoingilia, na rafiki yangu akanifundisha kurusha chambo cha manyoya kisicho na uzito, jambo ambalo mkono uliozoea chubwi na ngisi hulikataa kwa muda mrefu. Hatimaye nilimpata samaki aitwaye greilingi, si mkubwa, ila pezi la mgongoni mwake alilikunjua kama tanga, lina madoadoa ya samawati na zambarau, na nilipomshika majini nilihisi moyo wake ukipiga kiganjani mwangu. Ndoana yetu haikuwa na chembe, kama sheria ya mito ya British Columbia itakavyo, basi ikatoka sahala, akazama zake. Chakula hakikulazwa nje hata usiku mmoja, wala maganda wala mafuta ya kukaangia, kwa hofu ya dubu. Na jua lilikawia mno, hata sala ya magharibi tukawa twaiswali saa nne na nusu usiku, wakati ambapo watu wa kwetu wamekwisha kulala.

Huko Watson Lake, penye msitu wa vibao vya majina ya miji ulioanzishwa mwaka 1942 na askari mmoja aliyekuwa na hamu ya kwao, rafiki yangu alipigilia kibao alichokiandika UVIRA kwa rangi nyekundu. Kisha tukafika Teslin, na baada yake Whitehorse, na hapo ndipo raha yetu ilipopata doa.

Mto Yukon, upitao hapo, ulikuwa umefungwa kwa samoni aina ya Chinook. Aprili 2024 idara ya uvuvi ya Kanada na ile ya Alaska zilitia sahihi mapatano ya kusimamisha uvuvi wa samaki huyo kwa miaka 7, muda ulinganao na kizazi chake kimoja, kwa matarajio kwamba siku moja samoni 71,000 kwa mwaka watavuka mpaka kuingia Kanada kwenda kuzaa. Samaki hawa huogelea yapata kilomita 3,000 tangu Bahari ya Bering mpaka Whitehorse, pasipo kula chochote tangu waingie maji matamu, na hapo hukutana na bwawa la umeme la mwaka 1958, ambalo mwaka uliofuata lilijengewa ngazi ya mbao yenye urefu wa mita 366 ili wapate kupanda. Wataalamu hutaja joto la maji na maradhi ya vimelea kuwa sababu za kupungua kwao. Watu wa mtoni huongeza meli kubwa za kukokota nyavu katika Bahari ya Bering, ambazo hunasa samoni hali zikitafuta samaki wengine. Ugomvi huo ungalipo.

Kambini, jirani yetu mmoja mwenye tela refu kuliko letu mara mbili alilalamika kwa uchungu kwamba ameendesha gari siku nyingi, na fito zake za samoni hazitaloa. Nilimhurumia kwa dakika moja. Kesho yake alihamia ziwa jingine lililo wazi, akavua samaki wengine, na jioni nikamwona akichoma nyama mbele ya tela lake, furaha imemrudia.

Lakini ukingoni mwa mto uleule kulikuwako kambi za namna ya pili, na hizo hazihamishiki. Kwa wenyeji wa asili wa nchi ile kambi ya samaki si matembezi. Ni mahali ambapo bibi humwonyesha mjukuu namna ya kupasua samoni na kumtanda juu ya moshi, ambapo lugha husemwa bila kufundishwa, na ambapo akiba ya kipupwe cha miezi mingi hupatikana. Watlingit wa Teslin, ambao ni baadhi ya wenyeji hao, walijizuia kuvua samoni kwa hiari yao miaka mingi kabla ya mapatano hayo, si kwa kuogopa askari, bali kwa kuwa walimwona samaki akipungua kwa macho yao. Mtoto aliyekuwa na umri wa miaka sita mto ulipofungwa atakuwa na kumi na mitatu utakapofunguliwa, na bibi yake huenda asiwepo. Basi kusema kwamba yule mwenye tela na huyu bibi wamefungiwa sawa ni kulinganisha aliyenyimwa halua na aliyenyimwa wali.

Usiku ule rafiki yangu alitoa mkobani pakiti ya ndagala wakavu, yaani dagaa wa ziwa la kwao, aliowanunua katika duka la Waafrika huko Edmonton, akawakaanga kwa kitunguu na pilipili, tukala mbele ya mto uliojaa maji na usioruhusiwa kutupa samoni. Akaniambia, "Mzee, hata kwetu ziwa limefungwa mwezi huu. Ila kwetu hakuna ziwa la pili la kuhamia."

Alisema kweli. Kwa mapatano ya Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, Ziwa Tanganyika lilifungwa tangu tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti 2024 ili samaki wapate kuzaa, na karabai za wavuvi wa dagaa, ambazo usiku wa giza huonekana toka Kigoma kama mji ulioelea, zikazimwa. Sisemi kwamba kufunga ni dhuluma. Ziwa lisilopumzishwa halina cha kumpa mtu yeyote, na mwenye kudai kwamba samaki hawaishi hajapata kumsikiliza mvuvi mzee. Lakini nadai insafu katika kufunga, maadamu fimbo ileile humwuma mmoja na kumpapasa mwingine.

Mvuvi wa Kigoma au wa Uvira aliyekopa fedha za nyavu hukuta deni halikufungwa pamoja na ziwa. Na mwanamke anunuaye dagaa pwani alfajiri, akawaanika mchangani na kuwauza kwa kisado, kwa kawaida hatajwi katika orodha ya wavuvi, kwa hiyo hata msaada ukija humpita. Huyo ndiye ningependa ahesabiwe kwanza. Dagaa wa ziwa lile hufika mbali kuliko serikali nyingi zinavyodhani, hata mezani petu chini ya mti wa msonobari, nusu ya dunia kutoka mahali walipovuliwa, na kila mkono uliowapitisha njia ile ulikula kwa sababu yao.

Kwa wasomaji wetu walioko Kanada na Marekani, ambao mwaka hata mwaka huongezeka katika njia ile ya kaskazini, nasema nendeni, kwani nchi ni nzuri na mbu hawaui. Ila mfikapo Yukon ufito wa samoni ubaki telani, wala msijaribu kumvua Chinook kwa kisingizio cha kumrudisha majini, maana samaki aliyeogelea kilomita 3,000 bila chakula hana nguvu ya kuchezewa. Na kwa wakuu wa nchi nne za Tanganyika, nawaomba kabla ya kulifunga ziwa mara nyingine waitangaze tarehe mapema mvuvi asije akaingia deni jipya la nyavu, wawaambie wakopeshaji wangoje, na watume makarani pwani alfajiri wakaandike majina ya wanawake wanaoanika dagaa.