Usitupe Sweta Kuukuu

Likizo ya Agosti niliwakuta mama na binti yangu jikoni kule Kinangop, kando ya moto, wakifumua sweta la marehemu baba. Nilikasirika.

"Mama, hilo si la mzee?"

"Mjukuu wake atetemeke bwenini na hili linaliwa na nondo?"

Nikanyamaza, nikatazama. Mishono ya ubavuni na mabegani aliitegua kwa wembe, polepole, asije akakata uzi wenyewe. Kisha akavuta kuanzia juu, pale ufumaji ulipomalizikia. Ukianzia chini, akina mama, uzi utakwama na utalia.

Uzi hutoka umejikunja kama tambi. Usiufume hivyo! Uzungushie mgongo wa kiti, uufunge mahali panne usitatanike, uloweke katika maji vuguvugu, kisha uanike kivulini ukiwa na kitu kizito kidogo chini yake. Ukikauka utakuwa umenyooka.

Viwiko vilikuwa vimelika, kwa hivyo uzi haukutosha. Mama aliongeza mistari ya kijani mikononi, na binti yangu akaipenda kuliko sweta lenyewe.

Mfuko wa kifuani, alimotia baba ugoro wake, haukufumuliwa. Mama aliuweka kabatini.