Jiko la mkaa chumbani si dawa ya baridi

Mhariri,

Kila ifikapo Juni, baridi ya Njombe inapoanza kuuma, tunafunga madirisha, tunaanika nguo ndani na kuingiza jiko la mkaa chumbani. Hata mwenye mapafu mazima anaweza kudhurika. Mwenye ugonjwa sugu wa mapafu anaweza kuishia hospitali.

Mama yangu mdogo ana ugonjwa huo; hajavuta sigara hata siku moja, ila amepikia kuni tangu utotoni. Usiku wa baridi hukaa kitandani ameinama, viganja magotini, akitoa pumzi polepole kwa midomo iliyobanwa kama anayepuliza moto.

Watu husema mkaa ukishakolea hauna madhara. Si kweli! Hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayochukua nafasi ya oksijeni kwenye damu, na mgonjwa wa mapafu mara nyingi oksijeni yake ni haba tayari. Lakini kumwacha kwenye baridi nako si jibu, maana hewa baridi hubana njia za hewa. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza nyuzijoto 18 ndani ya nyumba kwa maeneo ya baridi. Nyumba zetu zisizo na dari, alfajiri ya Julai, sidhani kama zinafika hapo.

Kliniki tunaambiwa “epuka baridi na moshi”, basi. Naomba wahudumu wa afya wa vijijini wafike majumbani waone jiko linalala wapi, ukuta una ukungu kiasi gani, dari ipo au haipo. Waanze Mei.

Msomaji wako,
Njombe