Ilani ya Karagwe na Kyerwa: Kila Ugonjwa Uandikwe

Sisi ni wagonjwa, ndugu wanaouguza, wauguzi na matabibu. Kyerwa ilipotengwa na Karagwe kuwa wilaya mwaka 2012, halmashauri iligawanyika, wagonjwa hawakugawanyika: wa Nkwenda, upande wa Kyerwa, bado anafuata matibabu Kayanga, upande wa Karagwe, na wa Murongo anafika Nyakahanga na kadi yake tu mkononi.

Mara nyingi kadi hiyo ina neno moja: "kifafa", au "akili". Sonona iliyofuata haimo, pombe haimo, wala ARV anazomeza. Madhara ya kutoyaandika hayo tunayajua. Kloropromazini inaweza kumwangusha mwenye kifafa. Fenobabitoni inaweza kuzidisha sonona. Kabamazepini hupunguza nguvu ya dolutegravir, mojawapo ya ARV, mwilini. Anayeandika dawa bila kujua yote aliyonayo mgonjwa anapiga ramli.

Utaalamu hautaki neno moja. Toleo la 10 la uainishaji wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani humwelekeza tabibu aandike magonjwa yote yanayohitajika kumweleza mgonjwa, akitanguliza ule wenye uzito zaidi kwa tiba ya siku hiyo.

Kwa hiyo tunadai:

1. Kila ugonjwa, wa akili na wa mwili, uwe na mstari wake kwenye faili na kwenye kadi.

2. Kando yake iandikwe tarehe ulipotambuliwa, na kama umethibitishwa au unashukiwa tu. Ukikanushwa, ukatwe kwa mstari mmoja wenye tarehe na saini.

3. Dalili isigeuzwe ugonjwa. Mwenye sonona akikosa usingizi, hajapata ugonjwa wa pili. Hatudai orodha ndefu. Tunadai orodha ya kweli.

4. Anayeanguka baada ya kuacha pombe ghafla asiandikwe kifafa cha maisha kabla ya kuchunguzwa.

5. Mgonjwa aelezwe kilichoandikwa, kwa Kinyambo akipenda, na kisitajwe kwa sauti kwenye dirisha la dawa.

6. Neno "kichaa" lisionekane kwenye karatasi yoyote.

Nasi tunaahidi. Ndugu hatutaficha pombe, iwe lubisi au gongo, wala dawa za mganga. Matabibu tutauliza kabla ya kuandika, na mgonjwa wa rufaa ataondoka na orodha yake kamili.

Hatusubiri waraka. Kuanzia kliniki ijayo, mgonjwa asiinuke kitini kabla hajauliza, "Yameandikwa yote?", na aliyeshika kalamu amwonyeshe.