Deni ni lako, namba yangu inahusikaje?

Leo stori za nani kaachana na nani naziweka pembeni kidogo. Kuna jambo limenikera wiki nzima na naona watu wanalichekea tu, acha niliseme.

Nadhani wengi mmeiona ile skrinshoti ya mwigizaji wetu mmoja, dada wa mjini. Jina sitaji maana ameshatajwa vya kutosha. Ile meseji inasema yeye ni mdhamini wa mkopo wa shilingi elfu themanini, mkopaji amekimbia, na wote wawili ni matapeli. Ilianzia kwenye magrupu ya Wasap, ikahamia kurasa za umbea, kufika jioni watu wameshatunga vichekesho. Mara "gari kali, deni la elfu themanini", mara "kumbe zile safari za Dubai ni za kausha damu". Watu walicheka mpaka basi.

Ukweli wenyewe ni mfupi. Yule dada hajakopa na wala hajamdhamini mtu. Aliyekopa ni binti anayempaka mekapu. Alibanwa na kodi ya chumba, akaingia kwenye apu ya mikopo, akachelewa kurejesha, apu ikaanza kuwatumia meseji watu waliomo kwenye simu yake. Namba ya staa ilikuwemo. Ushahidi wote ndo huo, hakuna kingine. Binti alitoka akaeleza kwenye ukurasa wake huku analia, lakini mnajijua nyie. Skrinshoti ilisambaa mjini kote, maelezo yake wakayaangalia wachache.

Sasa mimi nasema hivi, na asiyependa anijibu: namba zilizomo kwenye simu yako siyo mali yako. Simu ni yako, laini ni yako, bando umenunua wewe. Lakini namba ya mama yangu uliyoisevu siku ile ulipokuja msibani ni ya mama yangu. Alikupa ili umpigie. Hakukupa ili uiweke dhamana.

Na neno dhamana silitumii kwa kupamba stori. Mkopeshaji wa mtaani wa kausha damu tunamjua. Anataka kadi ya pikipiki, anataka TV, anataka jokofu, ukishindwa anakuja na bodaboda mbili anabeba. Inauma, lakini angalau anabeba kitu chako. Hizi apu haziji kubeba jokofu. Zinakupa elfu hamsini bila kukuona sura, dakika tano hela imeingia, na watu wanasifia eti hazina dhamana. Jamani! Dhamana ipo, ni ndugu zako, bosi wako, mchungaji wako na mwalimu wa mtoto wako. Umeweka rehani watu ambao hawakuulizwa.

Tuangalie inavyofanyika, maana wengi wanabonyeza bila kusoma. Ukishusha apu kwenye Android, inatokea ile boksi inauliza kama unairuhusu ifikie "anwani" zako. Wenye simu ya Kiswahili wengine wanadhani inaulizwa anwani ya nyumbani, wanabonyeza Ruhusu, maana nyumba za huku kwetu nani ataipata? Kumbe anwani hapo ni fonibuku yako nzima. Ukibonyeza tu, majina na namba zote zinaweza kunakiliwa na kwenda kukaa kwenye kompyuta za kampuni. Baadaye ukiifuta apu, umefuta ile iliyo kwenye simu yako. Orodha iliyokwisha kwenda hairudi.

Halafu fikiria jinsi sisi tunavyosevu majina. "Mama." "Baba Mdogo Tabora." "Bosi Mpya." "Mchungaji Kanisani." "Mama Mwenye Nyumba." "Mkwe." "Mwalimu wa Junior." Mtu wa kudai madeni hahitaji kukujua. Anasoma majina tu anaelewa nani anakulisha, nani unamheshimu na nani unamuogopa. Anajua akimtumia "Fundi Feni" hutashtuka, ila akimtumia "Mkwe" utauza hata kitanda. Ramani ya aibu zako umeichora mwenyewe kwa miaka, ukampa mtu kwa kidole kimoja.

Najua kuna mtu ameshaanza kuandika hapo chini: "Dawa ya deni ni kulipa." Sawa kabisa, na mimi sijaja kutetea wanaokopa na kuzima simu. Kukopa harusi, kulipa matanga, wazee walishamaliza. Mtu akikukopesha mrudishie hela yake. Lakini swali langu liko palepale: mimi nimekopa nini? Mkopeshaji ana haki ya kumdai aliyesaini. Akitaka ampigie kila siku, akitaka ampeleke mahakamani. Haki ya kumwambia bosi wangu kwamba mimi ni tapeli, kisa nimesevuliwa kwenye simu ya mtu, ameitoa wapi?

Na hizo hela zenyewe tusizisifie sana. Kuna apu unaomba laki moja, inaingia elfu sabini, wanasema nyingine ni ada. Baada ya siku saba unatakiwa urudishe laki kamili. Mtu anayekubali hesabu ya namna hiyo hajapenda. Ana mtoto kalazwa, au kafungiwa mlango na mwenye nyumba, au mtaji wa vitumbua umekatika. Kwa hiyo huyo binti wa mekapu mimi simcheki. Alikuwa kwenye shida, na mtu mwenye shida hasomi masharti. Ndiyo maana boksi ya Ruhusu imewekwa hapohapo, wakati mtu ana haraka.

Kisheria pia jambo hili lina wenyewe. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na kuna Tume yake kabisa ya kupokea malalamiko. Kwa lugha ya mtaani, taarifa zako zikusanywe kwa njia halali, kwa kazi inayojulikana, na zisigeuzwe fimbo ya kazi nyingine. Jina lako na namba yako ni taarifa binafsi. Wewe uliyetumiwa matusi kwa deni la mtu una haki ya kulalamika hata kama hujawahi kuifungua hiyo apu maishani mwako.

Benki Kuu nayo mwezi Novemba 2024 ilitoa orodha ya apu na majukwaa 69 yaliyokuwa yanakopesha mtandaoni bila leseni. Sitini na tisa, wadau! Hayo ni yale tu yaliyoorodheshwa. Kwa hiyo kabla hujakopa, tafuta kwanza kama huyo anayekupa hela anatambulika. Dakika mbili tu, unatumia muda mrefu zaidi kuchagua picha ya status.

Hata Google walishaona huu mchezo. Kuanzia tarehe 31 Mei 2023, apu za mikopo binafsi zilizopo kwenye duka lao la Play haziruhusiwi kusoma fonibuku wala picha zako. Maana yake ni rahisi. Apu ya mkopo ikikuomba anwani leo, ama inavunja kanuni za duka, ama umeishusha kwa linki uliyotumiwa huko pembeni. Vyote viwili ni sababu ya kuifunga na kuondoka.

Jirani zetu Kenya wameshaonyesha kwamba inawezekana. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza kampuni moja ya mikopo ya mtandaoni faini ya shilingi 2,975,000 za Kenya, kwa kutumia majina na namba walizozipata kupitia watu wengine kutuma vitisho. Na mpenda bata, usikimbie, hii nayo inakuhusu. Kipindi hichohicho klabu moja ya Nairobi ilipigwa faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Mtu katoka zake kula raha, wakamgeuza tangazo. Alilalamika, akasikilizwa. Sisi huku mtu anarekodiwa anacheza, kesho yuko kwenye kila ukurasa, na akilalamika anaambiwa "ulienda klabu kufanya nini?"

Kampuni nimezisema, ila msidhani nimewasahau nyie. Ile meseji ya apu ilitumwa kwa watu wangapi? Hata wangekuwa mia mbili, mia mbili siyo mji. Mji uliambiwa na sisi. Apu haina akaunti yenye wafuasi laki tano. Haina grupu la "Wana wa Sinza Forever". Ilitegemea kwamba mmoja wetu atapiga skrinshoti, ataweka kijiso kinachocheka, atasambaza. Tukafanya kazi ya kudai madeni bure, bila mshahara, kwa bando letu. Meseji ya namna hiyo ikifika kwa watu mia mbili na wote wakaifuta, aliyeituma amepata nini? Hakuna. Aibu haitembei yenyewe, inabebwa.

Kwa hiyo mimi naomba mambo machache tu, na hayahitaji mtu awe amesomea kompyuta.

Kwanza, leo hiihii ingia kwenye Mipangilio ya simu yako, nenda kwenye programu, kisha ruhusa, uangalie ni nani wote wanaosoma anwani zako. Utashangaa. Utakuta tochi, utakuta gemu la mpira, utakuta apu ya kukuzeesha sura uliyoichezea siku moja tu mwaka juzi. Tochi inataka namba ya shangazi yangu ya nini? Ondoa ruhusa. Gemu litaendelea kucheza tu, na kama linagoma kwa sababu hujalipa namba za watu, ujue siyo gemu hilo.

Pili, ukikwama na deni na ukaona siku ya kurejesha inafika, wahi kuwaambia watu wako wewe mwenyewe. "Jamani nimekopa mahali, mnaweza kutumiwa meseji za ajabu, msizijibu." Najua ni ngumu. Ila ukisema mwenyewe unaongea na watu wanaokupenda. Ukisubiri, apu ndo itakuongelea, na yenyewe haikupendi.

Tatu, ukipokea meseji ya kumchafua mtu, usiisambaze. Hifadhi moja kama ushahidi, maana akitaka kulalamika Tume au polisi ataihitaji. Halafu mtafute mhusika pembeni, siyo kwenye grupu. Mwambie, "Dada, nimepokea hiki kitu, pole, nipo upande wako." Siyo lazima umlipie deni. Hiyo sentensi peke yake inaweza kumzuia mtu asifanye jambo baya usiku wa leo. Msinione naongeza chumvi. Mtu akishaona meseji imefika kwa mama mkwe, kwa kazini na kwa kanisani ndani ya saa moja, hajui kesho ataamkia wapi.

Na kwa nyie wenye kurasa kubwa za umbea, wenzangu kabisa kwenye hii kazi. Tunaishi kwa stori, hilo sikatai, na mastaa nao wanatutumia vizuri tu wanapotoa nyimbo mpya. Lakini skrinshoti ya mdai siyo stori. Ni barua ya mtu anayetaka kulipwa, kaandika anachotaka, hajathibitisha chochote, na hata jina lake hakuweka. Sisi tunaichapisha kama habari. Wiki hii ukurasa mmoja ulipata maoni zaidi ya elfu nne kwa ile skrinshoti. Baada ya ukweli kujulikana waliifuta kimyakimya, hata neno "samahani" hakuna. Yule mwigizaji atapona, ana jina na ana mashabiki. Yule binti wa mekapu ndiye niliyemfikiria mimi. Wateja wake wote walikuwa kwenye ileile fonibuku. Hiyo apu ilikuwa inadai elfu themanini, imemharibia kazi iliyokuwa inamlipa hiyo elfu themanini. Sasa atalipa na nini?

Nimemaliza. Kama hujakubaliana na mimi njoo tubishane hapo chini, ila uje na hoja, siyo "lipeni madeni". Na unijibu hili moja: meseji ya aina hiyo ikiingia kwenye simu yako usiku huu, ina jina la mtu unayemfahamu, kidole chako kitaenda wapi kwanza?