Pito Si Shamba la Mtu: Tuzisome Upya Kura za Sumbawanga

Makamanda, kila uchaguzi ukipita lazima atokee mtu aseme Rukwa ni shamba la CCM, kwamba Mfipa ni mpole, yeye analima na kuipigia kijani basi. Baada ya Oktoba 2025 maneno haya yamerudi, na safari hii yanatoka hadi vinywani mwetu. Hebu tuangalie kura zenyewe.

Mwaka 2010 Aeshi Hilaly wa CCM alitangazwa mbunge wa Sumbawanga Mjini akimzidi Norbert Yamsebo wa CHADEMA kwa kura chache mno. Yamsebo akaenda mahakamani. Aprili 2012 Mahakama Kuu, hapa hapa Sumbawanga, ikatengua matokeo. Aeshi akakata rufaa na kiti kikabaki kwake. Uchaguzi ule ule wa 2010, Said Arfi alirudi bungeni kwa tiketi yetu kutoka Mpanda, wakati Mpanda bado ipo Rukwa. Halafu ikaja 2020, mwaka ambao ngome zetu zote zilisombwa. Jimbo moja tu nchi nzima lilitangazwa kuwa la CHADEMA: Nkasi Kaskazini, Aida Khenani alipomwangusha Ally Keissy. Si Arusha, si Moshi, si Mbeya. Ni Namanyere na Kirando, watu wa mkoa huu huu wanaoitwa wapole.

Oktoba 2025 tusiiingize kwenye hesabu hii. Chama hakikuwa kwenye karatasi ya kura, kwa hiyo namba zozote zilizotangazwa haziwezi kutuambia watu wa Rukwa wameelekea wapi.

Kinachoniumiza kichwa zaidi ni sensa. Mwaka 2012 mkoa ulikuwa na watu 1,004,539. Mwaka 2022 tulihesabiwa 1,540,519. Hilo ni ongezeko la asilimia 53, wakati nchi nzima iliongezeka kama asilimia 37. Manispaa ya Sumbawanga peke yake ilitoka laki mbili na ushei hadi laki tatu na ushei. Mtoto aliyehesabiwa akiwa na miaka 10 mwaka 2022 atapiga kura 2030. Huyo hajawahi kumsikia Yamsebo, na sisi hatujawahi kumfuata.

Ibara ya 75 ya Katiba inaitaka Tume inapogawa majimbo izingatie idadi ya watu, hali ya kijiografia na upatikanaji wa mawasiliano. Mei 2025 Tume ilitangaza majimbo mapya 8. Geita walipata mawili. Rukwa, pamoja na kuongezeka kote huko, sifuri. Na sikusikia kelele kutoka kwetu.

Sasa turudi Pito. Kwenye makaratasi ni kata ya Manispaa, lakini watu wake wanaishi kwa mahindi, maharage na alizeti, sawa na wa Ntendo, Milanzi, Senga au Mollo. Anachouliza mtu wa huku ni bei ya gunia, mbolea imefika lini, na kwa nini mwaka 2017 serikali ilizuia mahindi kwenda nje yakamuozea ndani. Kwa maoni yangu zuio lile lilitusaidia Nkasi kuliko hotuba yoyote. Sisi tunafanya nini? Tunapiga mkutano mjini, tunapiga picha, tunarudi kulala. Kata za pembeni tunazipelekea spika kwenye gari siku tatu kabla ya kura, tena Oktoba, mwezi ambao watu wako mashambani wanaandaa mashamba kabla ya mvua. Halafu tukishindwa tunamlaumu Mfipa!

Niseme na la kisheria kidogo. Kesi ya matokeo ya ubunge inasimama kwenye karatasi. Fomu namba 21B ndiyo inayobeba kura za ubunge za kituo, na wakala wako asipotoka na nakala, mahakamani unakwenda na hasira tu. Kituo cha mjini wakala anapatikana kirahisi. Kituo cha kijijini unamkuta ni mtu aliyeitwa jana usiku, hana nauli, hajala, na saa 2 usiku anaondoka kabla kura hazijamalizwa kuhesabiwa.

Kwa hiyo nina ombi. Kama ulikuwa wakala wetu mwaka 2010, 2015 au 2020 Pito au kata yoyote ya pembeni, na fomu yako bado ipo sandukuni, ipige picha usome vizuri namba ya kituo, umpelekee katibu wa jimbo. Tunataka kujua kituo kwa kituo tulipata ngapi, kabla ya kumteua mtu yeyote.