Nishani bila hati ni chuma tu

Wako watu, na si wachache, ambao fedha zao hawazitii katika majumba wala mashamba, bali katika nishani na beji za askari wa Kijerumani na makaratasi ya utumishi ya mabaharia wao wa wakati wa vita. Baadhi ya wenzetu husikia habari hii wakacheka. Wengine hukunja uso wakauliza: Muislamu ana haja gani na msalaba wa chuma wa Kaiser? Mimi si mkusanyaji, lakini naona swali hilo limekosea njia. Kuweka si kuvaa, na kusoma habari za mtu si kumfuata.

Msalaba huo ulianzishwa na mfalme wa Prussia mwaka 1813, katika vita vyake na Napoleon. Ukafufuliwa mwaka 1870, tena mwaka 1914, na Hitler naye akaufufua mwaka 1939 akautia swastika yake katikati. Mwaka huandikwa kwenye mkono wa chini, hata asiyejua neno la Kijerumani akaweza kujua ni wa vita gani. Katika vita vya 1914 hadi 1918 ilitolewa kwa mamilioni. Wala waghushi hawakulala: ziko zilizotengenezwa juzi zikatiwa kutu makusudi zionekane kongwe. Beji ya mabaharia wa nyambizi huandamwa zaidi, kwani wenyewe wengi hawakurudi makwao. Katika vita vikuu vya pili, kwa kila mabaharia wanne wa nyambizi za Kijerumani, takriban watatu waliangamia.

Basi mnunuzi atajuaje iliyo ya kweli? Sisi tuliokaa chini chuoni tunalo neno la jambo hili, nalo ni isnadi. Hadithi haipokewi kwa utamu wa maneno yake. Huulizwa kwanza nani kaisikia kwa nani, na huyo naye kaisikia kwa nani. Mkusanyaji mjuzi hufanya vivyo hivyo. Huuliza nishani imetoka nyumba gani, imepita mikono ya nani, na iko wapi hati yake. Hati ya baharia hutaja jina lake, siku aliyozaliwa, manowari alizozitumikia moja baada ya moja, cheo alichopanda na nishani alizotunukiwa, kwa sahihi na muhuri. Vikikaa pamoja, unayo habari ya mwanadamu. Vikitengwa, unacho chuma.

Na wachuuzi huvitenga makusudi. Hati huuzwa mnada huu, nishani mnada ule, utepe wa kofia wenye jina la manowari mnada mwingine, kwa kuwa vitatu mbalimbali huleta fedha kuliko kimoja kizima. Hii kwangu ni dhuluma kwa maiti.

Liko na jingine nisiloliafiki, nalo ni wale wanaotundika swastika ukutani kuwa pambo. Wajerumani wenyewe wameharamisha kuionyesha hadharani, ila kwa elimu, sanaa na mfano wa hayo, na sheria yao ya mwaka 1957 iliwaruhusu wapiganaji wa zamani kuvaa nishani zao baada ya kuondolewa alama hiyo. Msalaba ukatiwa majani ya mwaloni mahali pake. Kitu hicho kikae sandukuni pamoja na hati yake, kisomwe na wenye kutafuta elimu.

Msomaji wa Mombasa asidhani haya ni ya Ulaya peke yake. Na aende Ngomeni, Fort Jesus, atauona mzinga wa manowari Königsberg. Manowari hiyo iliwasili Dar es Salaam Juni 1914. Tarehe 20 Septemba mwaka huo iliivamia Pegasus ya Waingereza bandarini Unguja ikaizamisha, kisha ikajificha katika mikoko ya Rufiji mpaka ilipoangamizwa tarehe 11 Julai 1915. Mizinga yake 10 ilitolewa majini, ikapelekwa Dar es Salaam kutengenezewa magurudumu, na mabaharia wakageuka wapiganaji wa nchi kavu. Mzinga wa Pegasus nao uko hapo hapo Ngomeni. Mahasimu wamekuwa majirani.

Kwa hivyo karatasi ya baharia wa Königsberg, popote ilipo leo, ni karatasi ya pwani hii pia. Lakini mizinga ile haikujikokota yenyewe. Waliovuta kamba ni watu weusi, na wao hati zao ziko wapi? Upande wa Waingereza nako wapagazi walichukuliwa kwa malaki, wakafa kwa makumi ya maelfu, na jina lililobaki ni la mtaa, Kariakoo. Tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti ya mwaka 2021 kwamba Waafrika wengi waliokufa hawakuandikiwa majina yao kama walivyoandikiwa Wazungu.

Bunge la Ujerumani Magharibi lilipokubali mwaka 1964 kuwalipa askari wa Kiafrika waliokuwa bado hai, wazee walifika wengi wao mikono mitupu. Inasimuliwa kuwa huko Mwanza asiye na hati alipewa mpini wa ufagio, akaamrishwa kwa Kijerumani jinsi ya kushika bunduki, ili ijulikane kama kweli alikuwa askari.

Zimo karatasi katika makasha ya bibi zetu, na wajukuu hawawezi kuzisoma kwa kuwa ni Kiswahili cha khati za Kiarabu. Mjerumani wa leo naye aghalabu hushindwa na mwandiko wa babu yake, maana khati ile ya kale haifundishwi tena kama zamani. Tofauti ni kuwa yeye humtafuta wa kumsomea kabla ya kuuza. Kwetu huja mchuuzi wa vitu vya kale, akachukua kasha kwa fedha kidogo, na karatasi zilizomo zikafungiwa njugu.

Mwenye kasha alifungue wakati yungali yupo mzee katika mtaa wake anayeisoma khati hiyo. Kila karatasi ipigwe picha pande zote mbili, na nyuma ya picha yaandikwe majina yaliyotajwa. Kisha, akitaka, auze.